Joho Sandukuni

Mtu akikwambia kisiwa chenye joto kama Unguja hakina haja na sufu, mpeleke harusini. Mngojeshe nje ya msikiti mpaka bwana harusi atokee. Atamwona amevaa kanzu nyeupe, juu yake joho jeusi lenye zari kuanzia shingoni mpaka kifuani, jambia kiunoni, na kichwani kilemba ambacho, kikiwa ni kile cha thamani, kimefumwa kwa sufu laini ya mbuzi wa Kashmir. Jasho linamchuruzika mpaka kidevuni. Ndugu zake wanampepea kwa chochote walichonacho mkononi, na hakuna hata mmoja anayemshauri avue.

Joho hilo aghalabu si lake. Ni la baba yake, au la ami yake, au la babu aliyekwisha kufariki. Limeshakwenda harusi za ndugu watatu na za watoto wao. Keshokutwa litakunjwa, lirudi sandukuni kungoja harusi nyingine, ambayo huenda ikaja mwaka huu na huenda ikaja baada ya miaka kumi. Hatari yake haiko harusini, kwenye msongamano na biriani. Hatari iko katika miaka hiyo ya kungoja.

Na sufu yetu haiishii kwenye joho. Yako mazulia ya Kiajemi yaliyotandikwa kwenye kumbi na misikiti tangu enzi za majahazi. Ziko tarbushi nyekundu, ambazo ni sufu iliyoshindiliwa, walizovaa makarani, walimu na askari zama za usultani, na mpaka leo zimo makabatini mwa wajukuu wao. Liko koti la safari. Koo nyingi za mjini zina moja: lilinunuliwa mitumbani Darajani, au lililetwa na ndugu wa kwanza kwenda Uingereza au Denmark, na tangu hapo kila anayesafiri kwenda kwenye baridi huazimwa. Akirudi hulirejesha, likatundikwa nyuma ya kabati na jasho la safari likiwa bado ukosini. Na viko vikofia vya kufuma na soksi za watoto wachanga, kwa sababu mtoto wa Unguja, hata azaliwe katikati ya joto la kaskazi, hufunikwa kichwa na kuvishwa miguu kabla wageni hawajaja kumtazama.

Adui wa vyote hivyo ana urefu wa punje ya mchele, na wengi hawajamwona. Yule nondo mkubwa anayejigonga kwenye taa ya barazani usiku si yeye, na nguo yako haimhusu. Nondo wa nguo hukimbia mwanga. Ana rangi ya majani makavu inayong'aa kidogo, na ukifungua kabati ghafla utamwona akitimua mbio kwa miguu kuingia mikunjoni badala ya kuruka. Huyo mwenye mbawa hata hali kitu. Kinywa chake hakikuumbwa kwa kutafuna, na siku zake chache za ukubwani ni za kupandana na kutaga. Jike hutaga mayai kama 40 au 50 katikati ya nyuzi, na katika joto kama letu mayai huanguliwa baada ya siku 4 mpaka 10. Anayekula ni kiwavi.

Kiwavi huyo ana uwezo walionao viumbe wachache. Tumbo lake linamudu kusaga keratini, ile dutu iliyojenga sufu, nywele, kucha na manyoya ya ndege. Pamba hana kazi nayo. Kanga yako ikitoboka, mtafute mende, au panya, au yule mdudu mwembamba wa rangi ya fedha anayependa wanga wa nguo mpya. Lakini hata sufu, ikiwa imetakata kabisa, humtunza vibaya. Anahitaji chumvi na vitamini, navyo huvipata katika jasho, katika mafuta ya nywele, katika tone la mchuzi lililoanguka kifuani siku ya karamu. Ndiyo maana tundu la kwanza la joho halitokei mgongoni. Hutokea ukosini, kwapani na kwenye ncha za mikono, pale mwili wa mvaaji ulipoacha alama.

Wapo wengine wa ukoo wake wanaojishonea ala ya nyuzi na kutembea nayo. Ala hiyo huchukua rangi ya mlo: aliyekula zulia jekundu hutambaa na ala nyekundu juu ya zulia jekundu, na mwenye zulia anapita hapo kila siku asimwone. Na vile vijumba vidogo bapa vya kijivu, vilivyochongoka pande mbili, ambavyo hupanda polepole kwenye kuta za chokaa na watu wakadhani ni uchafu, navyo ni vya jamaa yake. Ndani mna kiwavi anayekula utando wa buibui uliozeeka, nywele zilizodondoka, na sufu akiipata.

Mji Mkongwe wa Unguja unampa nondo kila anachotaka. Nyumba zake ni za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Kuta nene namna hiyo hupoza nyumba mchana, lakini hunywa maji masika yote na kuyatoa taratibu miezi inayofuata. Chumba cha ndani linapokaa sanduku kina giza, kina unyevu, na joto lake halipandi wala halishuki sana. Juu, chini ya mabati, njiwa wamejenga. Viota vya ndege ndiyo makao ya zamani ya nondo hawa, tangu kabla binadamu hajasuka zulia lake la kwanza, na manyoya yakipungua kule juu kiwavi hushuka kutafuta mengine. Katika nchi za baridi, nyumba isiyowashwa moto humpunguzia kasi nusu ya mwaka. Sisi hatuna mwezi wa kumpumzisha.

Shangazi yangu wa mtaa wa Kiponda hufungua sanduku lake kila mwaka masika yakishaisha, wakati kusi inavuma na hewa imeanza kukauka. Sanduku lenyewe ni la msaji, la aina iliyokuja na majahazi kutoka Bara Hindi, limepigwa misumari ya shaba yenye vichwa vikubwa iliyopangwa kwa maua, na chini lina droo tatu. Mchwa hawaiwezi mbao hiyo. Nondo hana habari nayo, kwa sababu yeye hakuijia mbao.

Nilipoingia uani alikuwa ameshatandika mkeka, na juu ya mkeka shuka jeupe.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nawa mikono kwanza, na uikaushe vizuri."

Alitoa joho la marehemu ami yangu kwa mikono miwili, akalifunua juu ya shuka bila ya kulivuta, kisha akalinyanyua mabegani na kulikung'uta mara moja. Chembe chache zikaanguka. Mimi ningezipangusa nikaendelea. Yeye aliinama, akalowesha ncha ya kidole kwa mate, akazigusa na kuzisugua kwenye kona ya shuka. Zikaacha weusi.

"Vumbi la nyumba hii ni la chokaa, jeupe," akasema. "Jeusi hili limepita tumboni mwa mdudu."

Nilisoma baadaye vitabuni kwamba ndivyo ilivyo: kinyesi cha kiwavi wa nondo hutoka na rangi ya sufu aliyoila. Shangazi hakulisoma jambo hilo popote. Aliliona kwa mama yake, na mama yake kwa aliyemtangulia.

Akaupindua ukosi. Chini ya zari, pale mshono unapokutana na bitana, palikuwa na utando mwembamba wa hariri na ndani yake kiwavi mweupe mwenye kichwa cha kahawia. Akamtoa kwa ncha ya sindano. Akapitisha brashi laini mshono mzima, kila pindo, mifuko, chini ya kwapa, akifuata uzi kwa uzi, na kila brashi ilipojaa aliikung'utia kwenye bakuli la maji. Kisha joho likatundikwa kwenye kamba uani, ndani nje, zari ikiwa kivulini chini ya kanga na sehemu ya sufu ikiwa juani. Kiwavi hawezi kustahimili jua kali; aliyebaki hutoka mwenyewe na kuanguka. Jua likiachwa siku nzima hupausha rangi, basi yeye huanua kabla ya adhuhuri na kurudia asubuhi ya pili.

Wakati nguo zinapigwa na jua, sanduku lenyewe lilitolewa droo. Pembe zake zilipitishwa kijiti kilichozungushiwa kitambaa, kwa kuwa vumbi la pembeni lina nywele, na nywele kwake ni chakula. Uchafu wote ulichomwa. Haukufagiliwa ujiani, kwenda kutafuta sanduku la jirani. Alama ya jasho ukosini aliipangusa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na kuiacha ikauke kabisa, maana nguo yenye zari haitumbukizwi majini. Mwisho joho lilikunjwa kwa mkunjo mwingine, tofauti na ule wa mwaka jana. Mkunjo ukirudiwa mahali pamoja miaka na miaka, zari hukatika hapo.

Ndipo ukaja wakati wa manukato. Chetezo kikawashwa, udi ukatiwa, na kila nguo ikapitishwa juu ya moshi. Karafuu zilikuwa tayari katika vifuko vya kitambaa chepesi, na majani ya mwarobaini yaliyokaushwa kivulini yakatandazwa chini ya droo. Nilimwuliza ni kipi kati ya hivyo kinachomfukuza nondo hasa.

"Hivyo ni vya mtu atakayevaa," akanijibu. "Mdudu nishamtoa."

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi, kwa sababu watu wengi tumelipindua. Tunaona karafuu, tunanusa udi, tukasema hiyo ndiyo siri ya wazee. Na karafuu ina haki ya kutajwa kisiwani hapa kuliko mahali popote. Ilipandwa Unguja kabla haijashamiri Pemba. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo yenye mazao mengi. Mafuta yake, yenye ile dutu iitwayo yujenoli, ni makali kweli, na yakifungiwa pamoja na kiwavi mchanga katika chombo kisichotoa hewa yanaweza kumdhuru. Lakini konzi ya karafuu kavu katika sanduku linalopitisha hewa kwenye kila kiungo haina nguvu hiyo. Ulaya na Marekani watu huamini mbao za mwerezi kwa namna hiyohiyo, na mbao hizo zikizeeka mafuta hukauka, ikabaki imani. Udi nao humfukuza mwenye mbawa kwa muda. Yai lililokwisha kutagwa ndani ya pindo halifukuziki kwa harufu, kwa sababu halina pa kukimbilia.

Kilicholinda majoho ya mji huu ni ile kazi ya mkono iliyotangulia chetezo: kutoa, kukung'uta, kutazama, kupiga brashi, kuanika. Nondo anahitaji giza na utulivu wa wiki nyingi mfululizo ili atoke kwenye yai awe na mbawa. Kiwavi akikosa chakula kizuri anaweza hata kuishi zaidi ya mwaka akijikongoja. Kitu kimoja tu hakiwezi: kusumbuliwa. Joho linalovaliwa mara kwa mara, zulia linalopigwa na kugeuzwa, koti linaloazimwa na watu watatu kwa mwaka, havimpi nafasi. Zulia la ukumbi huliwa chini ya kabati ambalo halijasogezwa tangu mtoto wa kwanza azaliwe, na katikati, wanapokaa watu, huwa zima.

Kwa hiyo nguo tunazozithamini mno ndizo tunazozipoteza. Kile tunachokiona ni cha heshima mno hata kisiguswe tunamwachia yeye akiguse.

Wenye kufuma uzi wana shida yao, na hatua ya kwanza ya kuitatua ni kujua wana nini mkononi. Nyuzi nyingi zinazouzwa madukani mwetu kwa ajili ya vikofia vya watoto na vitambaa vya makochi si sufu; ni akriliki, iliyotokana na mafuta ya petroli, na nondo haili. Kata kipande kifupi cha uzi, ukishike kwa koleo juu ya kisahani, ukisogeze kwenye moto wa mshumaa. Sufu husinyaa, hunuka nywele zilizoungua, ukiiondoa motoni hujizima, na majivu yake husagika ukiyaminya. Akriliki huwaka kwa moto wa haraka, huyeyuka ikidondoka, na ikipoa huacha donge jeusi gumu lisilovunjika kwa vidole. Pamba hunuka karatasi. Mwenye kuijua tofauti hiyo hahangaiki na kikapu kizima. Anatunza vile vibunda viwili vitatu alivyoletewa na ndugu kutoka nje, ambavyo ndivyo sufu kweli.

Vibunda hivyo vikae katika chombo cha plastiki chenye kifuniko kinachobana, ila viwe vimekauka hasa. Uzi uliofungiwa na unyevu wa masika hauliwi na nondo, huota kuvu, na harufu ya kuvu haitoki. Ukishuku kwamba uzi umeingiliwa, uufunge ndani ya mfuko, utoe hewa, uutie kwenye friza lenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha uuache ndani ya mfuko mpaka urudi joto la chumbani, ili umande ushike nje ya mfuko na si kwenye uzi. Njia hiyo ni nzuri na haina sumu. Lakini friza ni umeme, na sisi ni watu tuliokaa gizani kisiwa kizima mwezi mmoja mwaka 2008 na tena kama miezi mitatu kuanzia Desemba 2009, njia ya umeme ya chini ya bahari ilipoharibika. Jua la Juni halijawahi kukatika.

Hasara za Mji Mkongwe tumezoea kuzihesabu kwa majengo. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka mchana kweupe, na watu wawili wakafa. Dunia nzima ilipata habari. UNESCO imeuorodhesha mji huu kuwa urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na wataalamu wanahesabu milango, roshani na nguzo. Hakuna anayehesabu majoho. Picha za Sayyid Khalifa bin Harub, aliyetawala tangu 1911 mpaka 1960, zinamwonyesha amevaa joho, na katika Makumbusho ya Kasri mtu aliweza kuona jinsi jamaa wa kifalme walivyoishi. Lakini joho la karani wa forodha, la mwalimu wa chuo, la nahodha, ambalo ndilo mji wenyewe, halimo makumbusho yoyote. Limo ndani ya droo, na likiliwa halitoi kishindo.

Ile kazi ya kila mwaka nayo inakatika, na sababu zake hazina mkosaji. Nyumba zilizokuwa na wanawake saba wa ukoo mmoja sasa zina wawili, na wote wawili wanakwenda kazini. Watu wamehamia Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, na mashamba. Wengine wako Michenzani, kwenye majumba marefu yaliyojengwa miaka ya sabini, ambako hakuna uani wa kutundikia kamba. Masanduku yenyewe yameuzwa. Pita mtaa wa Gizenga uone yalivyopangwa madukani yakingoja watalii, misumari imeng'arishwa, droo tupu. Sanduku likitoka, vilivyokuwamo huhamia kwenye begi la zipu juu ya kabati, na aliyekuwa akijua siku ya kuvitoa ameshazeeka au ameshakufa.

Pengo hilo limezibwa na vidonge vyeupe vya naftalini. Vinauzwa kila duka, kwa bei ya peremende. Watu huvitupia kwenye kabati, kwenye begi, kwenye sinki la kunawia mikono, hata chooni kwa ajili ya mende. Mtu anatia vidonge vinne, anafunga zipu, moyo wake umetulia. Naelewa kwa nini. Vinafanya kazi pasipo mtu. Naftalini hugeuka hewa moja kwa moja kutoka kwenye kidonge, na ikijaa mahali palipofungwa barabara humuua kiwavi kweli. Kabati linalofunguliwa kila asubuhi haliwezi kujaa hewa hiyo. Linalobaki ni harufu, na anayeivuta ni aliyelala chumbani.

Wako wanaoona afadhali karafuu maiti, yaani kafuri, kwa kuwa ni kitu cha asili na tunaijua: ndiyo inayotiwa katika maji ya mwisho ya kumwosha marehemu. Kafuri ni sumu vilevile kwa mtoto anayeitia kinywani, na inaweza kumtupa kwenye degedege. Uasili wake haumkingi mtoto.

Lakini nina jambo moja la naftalini ambalo nataka kila mwenye kusoma hapa alichukue kwenda nalo nyumbani, na ndilo lililonifanya niandike.

Wako watu wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, kinacholinda chembe nyekundu za damu. Upungufu huo hurithiwa, huwadhuru zaidi watoto wa kiume, na umeenea katika nchi ambako malaria imekaa karne nyingi, kwa sababu humpa mwenye nao kinga kiasi dhidi ya malaria. Pwani yetu imo katika nchi hizo. Wengi wenye hali hiyo hawajui, kwa sababu hawaumwi mpaka wakutane na kitu kinachowachokoza. Naftalini ni kimojawapo. Hewa yake huingia ndani ya nyuzi za nguo na kukaa. Mtoto mchanga akivishwa kikofia kilichokaa miezi na vidonge, huivuta puani na huipokea kwa ngozi, na ngozi iliyokwisha kupakwa mafuta huipokea zaidi. Chembe nyekundu hupasuka. Damu inapungua, macho na ngozi hugeuka manjano, mkojo huwa mweusi, na manjano ikizidi hufika ubongoni, ikaacha uziwi, kilema, au kifo.

Hili halikugunduliwa jana. Madaktari wa Ugiriki waliandika juu ya watoto wachanga walioharibikiwa damu namna hii mwaka 1963, na madaktari wa Nigeria wameandika juu ya watoto wao. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliviondoa vidonge vya naftalini sokoni mwaka 2008. Sisi ndio tunaouziwa bado, katika mifuko ya nailoni isiyo na maandishi, sisi ambao damu yetu ndiyo inayodhurika zaidi.

Na hebu fikiria ni nguo zipi tunazozitilia vidonge kwa moyo mmoja. Ni zile za thamani, za kuwekwa. Vikofia na shali za mtoto wa kwanza, zilizotunzwa kwa mapenzi kumngojea wa pili. Bibi anazitoa siku ya arubaini, amefurahi kwamba hazikuliwa, anamvisha mjukuu zingali na ile harufu kali, na kila mtu chumbani anaichukulia kuwa harufu ya usafi.

Basi nakuomba. Ukiwa na mja mzito nyumbani, mwaka huu, kabla hajajifungua, toa nguo zote za mtoto zilizowahi kukaa na vidonge. Zifue kwa sabuni, zianike juani siku kadhaa, uzinuse. Harufu ikiwa bado ipo, zifue tena, isipotoka, usimvishe. Vidonge vyenyewe viondoe chumbani anakolala mama na mtoto, na kwenye kila pahala mkono wa mtoto anayetambaa unapofika. Nguo za sufu zitoe mara mbili kwa mwaka, baada ya masika na baada ya vuli, uzikung'ute juu ya shuka jeupe, utazame kilichoanguka. Na mtoto akigeuka manjano, usiridhike na jua la asubuhi. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, na umwambie daktari, hata asipokuuliza, kwamba nguo zake zilikaa na naftalini.